Nililalamikia usajili wa Ngurumo, Mwenyekiti akanikabidhi timu nichague mwenyewe

Wakuu wa Ukuta, mulembe.

Wale wa Form Four mnaosoma mkiwa mmesimama mbele kabisa na vichwa vyenu vikubwa, mulembe kwenu pia, lakini songeni kidogo Form One nao waone.

Kwa mgeni ambaye hajawahi kufika huku nyuma ya karakana ya useremala: huu ndio ukuta wetu. Jambo likikukuta, unaliandika kwa karatasi, unabandika kwa obusuma iliyolala, yaani ugali wa jana, wenzako wanajibu hapo chini kwa biro. Walimu hawajaugundua kwa sababu ya harufu ya choo. Tuvumilie hiyo harufu, ndiyo askari wetu.

Najua mnaniita Domo. Najua pia vitu vingi nimebandika hapa vilikuwa na chumvi. Ile ya mwalimu wa Kemia na bata ilikuwa chumvi tupu, bata hakuwepo.

Hii ya leo sijaongeza hata punje. Nikidanganya, nipangiwe zamu ya kuosha choo hiki hapa mpaka nimalize shule. Na shahidi yupo: Makokha, kipa wa Ngurumo, ni binamu yangu, mtoto wa senje, yaani shangazi yangu. Tunalala chumba kimoja huko Amalemba. Akikoroma ananiamsha, nikiongea usingizini namwamsha.

Haya sasa.

Ngurumo ni timu ya mji wetu. Kama huijui, basi wewe una amani moyoni, usianze leo.

Mwenyekiti wa Ngurumo anatoka upande wa Shinyalu, na kitu anachokipenda kuliko vyote duniani ni fahali wa kupigana. Huyo mzee anajua fahali vile mama anajua mtoto wake kwa kikohozi. Hapo simpingi.

Shida ni kwamba timu nayo anaiendeshanga kama fahali.

Fahali wa kupigana anachaguliwa kwa shingo. Kwa hivyo Mwenyekiti akitafuta straika, haulizi kama amewahi kufunga bao. Anamshika shingo. Anamzunguka, anamwangalia visigino, anamwambia asukume pikapu. Hivyo ndivyo tulivyompata yule jamaa aliyekuwa akipakia miwa kwa trela huko Butali. Shingo kama gunia la mahindi! Msimu mzima hakuotea hata mara moja, kwa sababu hakuwahi kufika mbele kabla mpira haujarudi nyuma.

Halafu fahali haonyeshwi fahali mwingine kabla ya pambano. Anafichwa peke yake, anakula vizuri, anajaa hasira.

Basi wachezaji wetu nao wakafichwa.

Winga wa kushoto alifichwa Malava kwa shemeji ya Mwenyekiti. Winga wa kulia, Shinyalu. Mabeki wa kati, kila mmoja na boma lake. Mazoezi ya pamoja hakuna. Walikuwa wanakutana Jumapili wakivaa jezi. Makokha aliniambia kuna mechi ilibidi amuulize beki wake, "Ndugu, unaitwa nani, nijue vile nitakupigia kelele?" Na refa tayari ameweka filimbi mdomoni.

Lakini kilichotumaliza kabisa ni hiki. Fahali akigeuza mkia akakimbia, kazi yake imeisha, anaenda bucha. Kwa hivyo timu ikifungwa Jumapili, Jumatatu Mwenyekiti anafukuza watu. Kila wiki tulikuwa tunashangilia sura mpya. Ukijifunza jina la mtu, keshaenda, isipokuwa yule wa trela, ambaye shingo yake Mwenyekiti hakuweza kuiachia. Makokha mwenyewe alifukuzwa na kurudishwa hadi akaacha kubeba glavu nyumbani. Alikuwa anarudishwa kwa sababu hakuna mtu mwingine alikubali kusimama pale.

Wakuu, kuipenda timu kama hiyo ni ugonjwa. Unaenda kiwanjani ukijua utaumia, unarudi ukiwa umeumia, na Jumapili ijayo unaenda tena na kipande cha muwa mkononi kama mtu anaenda harusini.

Mimi dawa yangu ikawa kuimba. Nikatunga wimbo, mnaujua, msijifanye:

"Mwenyekiti eee, shingo haipigi pasi!"

Uwanja mzima ukaushika. Isukuti ikauingia, zile ngoma zinapigwa mpaka unasikia kwa meno. Nikajiona mkubwa sana.

Tukafika mahali tulipofungwa nne bila, nyumbani, na mechi iliyobaki ni moja. Tukipata sare, tunabaki kwenye ligi. Tukifungwa, tunashuka daraja, tunaenda kucheza kwenye viwanja vya huko ambako ng'ombe wanamaliza kula ndipo mnaanza.

Jioni ya hiyo nne bila, mashabiki wakakutana kando ya bucha ya Lubanga. Lubanga ndiye mkuu wa mashabiki na ndiye mwenye ngoma kubwa. Mtu wa mwili, sauti kama lori. Tukakubaliana vizuri sana: Mwenyekiti aambiwe aache kufukuza watu. Hao hao waliofungwa wakusanywe, wafanye mazoezi pamoja, wacheze tena.

"Nani ataenda kumwambia?" mtu mmoja akauliza.

Kila mtu akaanza kukagua nyama iliyoning'inia.

Lubanga akanitazama. "Si huyu mtoto ako na mdomo? Na wimbo si ni wake?"

"Mimi niko na shule," nikasema.

"Shule ni kesho. Twende leo ama twende kesho saa kumi?"

"Wewe pia unaenda?"

"Nakusindikiza bana. Mimi ni mtu mzima, siwezi kuachia mtoto."

Kumbukeni hayo maneno.

Kesho yake saa kumi tukaenda Shinyalu. Njia yote Lubanga alikuwa ananifundisha la kusema, anapiga kifua, anasema atamwambia huyo mzee hiki na kile. Tulipoona paa la Mwenyekiti akaanza kutembea polepole. Akasema kiatu kinamfinya.

Tulimkuta Mwenyekiti nyuma ya nyumba, na fahali wake mkubwa, yule anaitwa Waziri.

Mimi Waziri nimemwona akipigana mara nyingi, lakini nikiwa juu ya mti. Hapo alikuwa mbele yangu, chini, tumesimama udongo mmoja. Mweusi. Nundu kama mtu amembeba mwenzake mgongoni. Pembe zimenolewa zikawa kama sindano za gunia. Na hakuwa amefungwa popote. Kamba yake ilikuwa mkononi mwa Mwenyekiti tu, kamba kama hii yetu ya kuanikia nguo.

Lubanga, mtu ambaye anachinja ng'ombe kila siku ya Mungu, akasimama nyuma yangu. Mwili wote ule, nyuma ya mtoto wa Form Three.

"Mulembe, Mzee," akasema akiwa huko nyuma.

"Mulembe muno. Mmekuja kuniona mimi ama mmekuja kuona Waziri?"

"Tuko na neno, Mzee. Huyu kijana ndiye atalisema."

Nikageuka kumwangalia. Alikuwa anaangalia mawingu.

Mwenyekiti akanitazama kuanzia viatu kwenda juu. Akafika shingoni akasimama hapo kidogo. Nikaona amesikitika.

"Wewe si ndiye wa ule wimbo?"

"Ni wimbo wa watu wote, Mzee."

"Lakini ulianzia kwako."

"Ulianzia karibu na mimi."

Hakucheka. Akaninyooshea kamba. "Shika hapa. Nataka kumkuna huku nyuma. Sema neno lako, nakusikia."

Wakuu, nilishika.

Sijui kwa nini nilishika. Mkono ulienda wenyewe. Waziri akageuza kichwa akanusa shati langu la shule, akapumua, na ile pumzi ilikuwa moto, ina harufu ya molasi, ikaingia mpaka kwa kitovu. Nilitaka kulia lakini niliogopa kumshtua.

"Sema," Mwenyekiti akasema kutoka upande wa mkia.

Nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya Form One siku ya kufungua shule.

"Mzee, fahali anapigana peke yake. Mpira ni wa watu kumi na mmoja. Yule wa kushoto lazima ajue huyu wa kati anataka mpira miguuni ama kichwani. Hawa wako hawajuani hata majina. Na wakianza kujuana, unawachinja."

"Mimi sijawahi kuchinja mchezaji."

"Namaanisha unawafukuza."

"Basi sema unavyomaanisha. Umeshika kamba ya Waziri, usizungushe maneno."

Akaendelea kumkuna. Waziri akainua mguu mmoja akaurudisha, na ardhi nikaisikia. Nyuma yangu nikasikia kitu kingine: viatu vya Lubanga vikirudi nyuma, polepole, kimoja, kingine. Vile havikuwa vinafinya tena.

Mwenyekiti akaja mbele akachukua kamba.

"Sawa," akasema. "Jumapili, chagua wewe."

"Mimi?"

"Si unajua? Wachezaji nitakuletea kesho, wote, hata niliowafukuza leo asubuhi, uwaweke pamoja kama unavyotaka. Nami sitagusa. Lakini nitawaambia watu ni nani alichagua."

Nikamwambia mimi ni mwanafunzi. Nikamwambia kuna mtihani. Nikamwambia senje hawezi kukubali. Yeye alikuwa ameshaingia zizini na Waziri, na nilikuwa naongea na mkia.

Lubanga nilimkuta barabarani. "Umesema vizuri," akaniambia. "Mimi ningesema hivyo hivyo."

Wiki hiyo sikula vizuri. Wale tunaokaa pamoja darasani mliona, mkadhani nina malaria. Mwalimu wa Historia aliniuliza swali nikajibu "winga wa kushoto."

Wachezaji walikuja kweli. Tukakutana nao kila jioni kwa kiwanja cha shule ya msingi karibu na msitu, mimi nikitoroka prepu. Sikujua kufundisha mpira. Nilichofanya ni kumwambia kila mtu ataje jina lake na vile anapenda kupewa mpira, halafu wacheze, wakosee, wabishane, warudie. Makokha ndiye aliyefanya kazi kubwa. Yule jamaa wa trela ya miwa, kumbe anaitwa Wesonga na anapenda mpira miguuni. Msimu mzima tulikuwa tunamrushia kichwani kwa sababu ya ile shingo! "Hakuna mtu aliniuliza," akasema.

Jioni ya mwisho Makokha akaniambia tukiwa njiani, "Wewe unajua kwamba tukifungwa mimi nimemaliza mpira? Hii safari sirudishwi tena. Na wewe sijui utapitia wapi kurudi nyumbani."

Sikuwa nimefikiria hiyo ya kurudi nyumbani. Tangu hapo sikufikiria kitu kingine.

Jumapili, baada ya kanisa, senje akanishika kichwa. "Nimekuombea," akasema. "Timu sijaiombea, timu nilishamwachia Mungu afanye apendavyo. Nimekuombea wewe ukimbie vizuri."

Tulikuwa tunacheza na vijana wa kiwanda cha sukari kutoka huko kwa miwa. Watu wagumu. Uwanja ulijaa mpaka kwenye ua, na mawingu ya kwetu haya, ya saa tisa, yalishaanza kujipanga juu ya msitu.

Nilikuwa nimejificha nyuma ya benchi na kofia. Mwenyekiti akaja na kipaza sauti cha mkono, kile cha kutangazia minada. Akanivuta kola mpaka kwa mstari.

"Watu wa Kakamega!" akasema. "Mmeimba msimu mzima kwamba sijui kuchagua timu. Nimesikia. Timu ya leo sijachagua mimi. Imechaguliwa na huyu!"

Akanivua kofia.

Kwanza palikuwa na kelele ya furaha. Wallahi wakuu, walinishangilia! Domo! Domo! Nikainua mkono kidogo.

Halafu timu ikatoka.

Kelele ikaisha kama mtu amezima redio. Watu wanahesabu sura. Mtu mmoja akasema kwa sauti, na kila mtu akamsikia: "Ni wale wale!"

Wale wale wa nne bila. Kipa yule yule, mabeki wale wale. Ndicho tulichokubaliana kando ya bucha. Nikamtafuta Lubanga kwa macho anitetee, nikamwona amehamia upande wa pili wa uwanja na ngoma yake.

Ndipo wimbo ulipoanza. Wimbo wangu. Lakini walikuwa wametoa neno Mwenyekiti, wameweka Domo.

Sijawahi kusikia jina langu likiimbwa na watu wengi hivyo kwa ubaya hivyo. Ni kitu kinaingia kwa mgongo, kinapanda. Mkiwa mnaimba mnadhani yule mnayemwimbia hasikii. Anasikia kila neno, na anatambua sauti. Nilisikia mpaka sauti ya jirani yetu anayetuuzia maziwa.

Bao la kwanza tulifungwa mapema. Mpira uligonga goti la beki ukamzunguka Makokha. Kipande cha muwa kikapita karibu na sikio langu. Kingine kikagonga benchi. Mwenyekiti aliketi kando yangu, mikono juu ya fimbo yake.

Hafutaimu mvua ikawa imeanza kudondoka matone makubwa. Mwenyekiti akaniinamia.

"Nina watu watatu kwa pikapu," akasema. "Wamelala vizuri, wamekula vizuri. Mmoja ni kipa. Ukimtoa binamu yako sasa hivi, watu wataona umefanya kitu. Hawatakupiga."

Nikaangalia kwenye pikapu. Kweli watu watatu, shingo tatu, wamekaa kimya wakiangalia mbele.

Nikaangalia mashabiki. Walikuwa wameshasogea mpaka kwa mstari, na askari waliokuwepo walikuwa wamejikinga mvua chini ya mti.

Nitasema ukweli niliowaahidi. Nilitaka kumtoa. Mdomo ulishafunguka. Si kwa sababu alikuwa anacheza vibaya, maana alishaokoa mipira ambayo mimi ningeifungulia mlango. Ni kwa sababu niliogopa, basi.

Makokha alikuwa anakamua maji kwa glavu. Alisikia yote. Akaja akasimama mbele yangu.

"Nitoe kama unaogopa," akasema. "Lakini waambie ni woga. Usiwaambie ni mpira."

Nikafunga mdomo. Wale walionijua miaka mingi, andikeni tarehe.

"Hawa hawa, Mzee," nikamwambia Mwenyekiti. Sikutambua sauti yangu.

Akaketi tena. "Haya," akasema tu.

Kipindi cha pili kilikuwa matope. Radi ikaanza kupasuka upande wa msitu na kila ikipasuka mimi naruka, watu wanacheka, halafu wanakumbuka wamenikasirikia. Lakini kuna kitu nilianza kusikia katikati ya ile mvua. Wachezaji wetu walikuwa wanaitana. "Wesonga, nyuma!" "Wesonga, miguuni!" Msimu mzima timu yetu ilikuwa inacheza kama mabubu waliokutana stendi.

Na mpira ukaja, kutoka kushoto, chini chini, miguuni mwa yule jamaa wa trela. Hakuna kitu cha ajabu alifanya. Alisimama tu, mabeki wawili wakamgonga mgongoni wakaanguka, akageuka, akapiga.

Moja moja!

Uwanja ulichanganyikiwa. Watu walitaka kushangilia na walikuwa bado wameshika vipande vya miwa vya kunirushia. Wengine walivila. Isukuti ikaanza, ikakohoa, ikakolea. Sare ilikuwa inatutosha. Nikaanza kuomba mvua inyeshe mpaka refa asione saa.

Karibu na mwisho, kwenye tope la mbele ya goli letu, beki wetu aliteleza na akamfagia mtu wao. Hakukusudia. Aliteleza tu, kama mtu anashuka njia ya kisimani na mtungi. Refa akaonyesha penalti.

Makokha aliruka upande sahihi. Aliugusa. Niliona glavu yake ikiugusa, wakuu, na mpira ukapungua mwendo, nikadhani utasimama kwenye tope. Ukavuka mstari polepole kama mzee anayeingia kanisani amechelewa.

Mbili moja. Filimbi. Tumeshuka daraja.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kwa fahali, upande ulioshindwa unapita njia ya nyuma, kimya, kabla washindi hawajaanza kukimbia na ngoma. Timu yetu ilikuwa inafanya hivyo kila Jumapili. Filimbi ikilia hivi, wachezaji wanaruka ua, kila mtu na njia yake, mpaka kwa boma lake la kufichwa.

Nami nilitaka kuruka ua. Nilishaweka mguu mmoja. Lakini watu walikuwa wameshazunguka, mbele wapo, nyuma wapo, na mbele ya wote Lubanga, amelowa, macho mekundu. Nikashuka. Nikaona nimekwisha. Sikuwaza kitu kikubwa hata kidogo. Niliwaza shati la shule, kwamba likipasuka senje ataniua hata kama hawa wataniacha hai.

Nikasikia mtu amesimama kushoto kwangu. Makokha. Kulia, Wesonga. Halafu yule beki aliyeteleza, analia waziwazi, lakini amesimama. Halafu wengine. Hakuna aliyeruka ua. Walinizunguka wote, migongo kwangu, nyuso kwa watu, nami nikabaki katikati sioni kitu ila shingo. Hapo ndipo nilimwelewa Mwenyekiti kidogo.

"Mpisheni," Lubanga akasema. "Tunaongea na huyo mtoto."

"Ongea na sisi," Makokha akamwambia.

"Mmetushusha daraja!"

"Ndiyo. Ni sisi. Na tutapita hapa mlangoni."

Hakuna aliyesonga. Mvua inanyesha juu ya wote. Nilikuwa nasikia moyo wangu na moyo wa Wesonga, maana alikuwa amenibana na mgongo wake. Mtu mmoja huko nyuma akasema, si kwa sauti kubwa, kama mtu anajisemea:

"Siku zingine saa hii wangekuwa wameshafika Malava."

Mtu akacheka. Cheko la pua tu. Lakini Lubanga akalisikia, akawaangalia wale watu kumi na mmoja wenye matope mpaka masikioni, na ile hasira ikamtoka kwa mabega. Hakusema pole, msidhani. Alisonga tu pembeni. Mmoja akasonga, mwingine akasonga. Tukatoka kwa mlango mkubwa, tukifinyana, kama watu wanabeba kabati.

Kipande kimoja cha muwa bado kilinipata kisogoni. Sijalalamika.

Nilichojifunza? Kwanza, bado nasema Mwenyekiti alituharibia msimu, na penalti moja haifuti kazi ya ovyo ya miezi yote ile. Timu haijengwi kwa kubomoa kila Jumatatu. Hilo nitalisema hata nikishika kamba ya Waziri tena, ingawa naomba nisishike.

Pili, woga wa shabiki unaisha filimbi ikilia. Woga wa anayechagua unaanzia hapo.

Sasa sababu ya kubandika karatasi hii. Juzi pikapu ya Mwenyekiti ilisimama kwa geti la shule. Akashusha kioo. Akaniambia hajafukuza mtu. Akasema huko chini tunakoenda anataka waanze hawa hawa, na anataka nije kila jioni kama ile wiki, na Jumapili nisimame naye kwa mstari, na kipaza sauti kitatumika. Nikamwambia nitafikiria. Akasema, "Fikiria haraka," akaenda.

Makokha anasema nikubali. Senje anasema yeye ameshachoka kuomba. Mimi kila nikipita karibu na kiwanja, najikuta nimeshika kisogo.

Kwa hivyo wakuu, biro iko hapo kwenye msumari, imefungwa na uzi, msiibe. Andikeni chini: nikubali ama nikatae? Wenye matusi pia waandike, nafasi ipo mpaka kwenye mlango wa choo.

Ila yeyote atakayeandika "badilisha kipa", aandike na jina lake.